Mikia ya Mémoire Niliyoikata kwa Wembe

Nianze na kosa langu, maana hapa Kisangani kila aliyepita chuo kikuu analijua, na wengine wananiita kwa kosa hilo hadi sokoni. Mimi ndiye Mama ya Wembe.

Nimefanya kazi katika maktaba ya kitivo kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya walimu wanaoingia humo leo. Rafu zetu za nyuma zimejaa mémoires, yale madaftari makubwa ya mwisho wa masomo. Kila mwanafunzi huandika ya kwake, huitetea mbele ya walimu watatu huku jasho likimtoka, kisha hutuachia nakala moja. Moja tu. Mbele kuna maneno, na nyuma kabisa kuna kurasa za namba tupu: nini kilipimwa, wapi, siku gani. Kurasa hizo tunaziita mukia.

Basi wezi walikuwa wanakula kwenye mikia. Mwanafunzi mvivu anaomba mémoire ya mtu wa zamani, ananakili namba zote, anabadilisha kijiji, Yanonge inakuwa Isangi, na samaki wa mwenzake wanavuliwa mara ya pili kwenye karatasi. Mmoja alinakili hadi ukurasa wa shukrani. Akasimama mbele ya walimu akimshukuru mke wa mwenzake kwa upendo na uvumilivu wake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, nilikasirika, na kesho yake nikanunua wembe.

Kuanzia hapo hakuna mémoire iliyopanda rafuni kabla sijaikata mukia. Nilikata kwa rula, safi, nikafungia mikia kwenye kabati la chuma ofisini kwangu. Tena nikaongeza ujanja juu ya ujanja: kila palipokuwa na jina la mwenyewe au la kiwanja alichopimia juu ya ukurasa, nilikata na hilo pia. Mwizi akivunja kabati, asijue huu ni wa nani. Mimi nitajua. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, familia yetu ni ya Waislamu wa siku nyingi katika mji huu, na alinifundisha kwamba kitambaa cha mteja hakitoki dukani mpaka aje mwenyewe. Yeye hakuandika kitu, aliweka yote kichwani. Nikaona na mimi kichwa changu kinatosha. Walimu walinisifu, wallahi, na mimi nikavimba.

Sasa, mwaka huu mwalimu mmoja kijana wa informatique, mambo ya kompyuta, aliingia ofisini na mashine mbili. Moja ya kupiga picha kurasa. Ya pili ilikuwa kisanduku kidogo, nusu ya tofali, cheusi, kina taa moja ya kijani.

"Mama," akasema, "tunapiga picha mémoires zote, tunaziweka humu. Mutu akikaa hapa kwenye cour na simu yake, anasoma yote. Bila internet. Bila mégas."

"Yote? Na nani?"

"Na kila mutu."

"Labda nife kwanza," nikamwambia.

Hakubishana. Kijana yule ana adabu ya kuudhi: unamfokea, anatabasamu na kuendelea kuunganisha nyaya. Alipanda juu ya paa akaweka kibao cha jua, maana umeme wetu mnaujua, unakuja ukipenda. Siku nyingi alipiga picha kurasa, nami nilisimama nyuma yake kama askari wa forodha. Kisha asubuhi moja akanivutia kiti.

"Andika neno lolote, Mama. Neno moja."

Nikaandika *limbali*, kwa kumtega. Ni mti wa msituni, wenyeji wanaujua, lakini kwenye fichi zangu, kadi za karatasi za kutafutia vitabu, haukuwa na mahali pake. Nikabonyeza. Kabla sijavuta pumzi, ikatokea orodha: mémoire tisa! Moja ya udongo, moja ya viwavi vya kula, moja ya mkaa, na moja ambayo mimi mwenyewe, mwenye kichwa kinachotosha, nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilipiga ukelele chumba kizima kikageuka. Nikaandika *kapitene*, samaki wakaja. Nikaandika *lituma*, na Mungu shahidi, kulikuwa na mtu aliyeandika kurasa arobaini juu ya ndizi za kutwanga! Nilikaa pale hadi adhuhuri nikiandika maneno. Mwalimu alikwenda kula, akarudi, akanikuta nacheka peke yangu.

Ndani ya wiki moja cour yetu, uwanja wa mbele ya maktaba, iligeuka. Wanafunzi walijaa kwenye ngazi, ukutani, juu ya mizizi ya miti, kila mmoja na simu yake. Mama anayechoma makemba, zile ndizi kubwa, akasogeza mbabula yake ya makaa karibu na mlango. Wengine walikuja kutoka vyuo vingine ng'ambo ya mto, wamevuka kwa pirogi ili wakae kwenye sakafu yetu na kusoma. Nilitoka nje kwa visingizio ili niwaone tu. Furaha niliyokuwa nayo sikujua niipeleke wapi.

Jumatatu moja asubuhi dada mmoja akaja mezani kwangu mbio, simu mkononi. Nilimjua. Ni msaidizi wa mwalimu katika kitivo chetu, binti wa wavuvi wa upande wa Isangi, mwenye miaka thelathini na minne. Ni mtu wa kupima miti. Mara mbili ameomba nafasi ya kufanya shahada ya udaktari, mara mbili wamemrudisha.

"Mama! Nimeipata! Ile ya miti ya Masako! Angalia!"

Masako ni msitu wa akiba karibu na mji, wanafunzi wetu wanafanyia kazi huko. Akaniambia kwa pumzi moja: ndani ya msitu kuna miti ina vibao vidogo vya bati, vimepigiliwa misumari, vina namba. Ameipima yote mwenyewe mwezi uliopita. Hakuna aliyeweza kumwambia nani aliiwekea namba. Sasa, leo, kwenye ngazi zetu, amemsoma mtu huyo! Mwanafunzi wa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Alipima mti mmoja mmoja, unene wake, kiwanja kizima.

"Unaelewa, Mama? Kama niko na namba zake na zangu, nitasema kila muti imekuwa namna gani kwa miaka yote hii! Hakuna mutu iko na kitu kama ile. Dossier yangu ya kuomba nafasi inaenda vendredi saa ine. Safari hii bananichukua. Bon, hapa ameandika: tazama jedwali nyuma." Akageuza simu. "Mukia iko wapi?"

Nikageuka nikatazama kabati.

"Na kama huna?" nikauliza.

"Kama sina, naanza zéro. Ile nafasi inaenda kwa mutu mwingine, na mwaka kesho nitakuwa nimepita umri." Akaniangalia. "Mama, uliikata?"

Nilifungua kabati. Kartoni kumi na moja. Vibanio vilikuwa vimeoza kwa kutu, kurasa zimechanganyikana, na hakuna jina hata moja juu ya ukurasa wowote, kwa sababu mimi, kwa akili zangu nyingi, nilikuwa nimeyakata. Na kichwa changu kinachotosha? Kilikumbuka ya miaka mitatu ya mwisho. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Huyu aliyeandika, unamujua?" akauliza, akinionyesha jina kwenye ukurasa wa mbele.

"Simjui," nikasema.

Nilisema uongo. Nilimjua vizuri sana, nitaeleza.

Tulimwaga kartoni juu ya meza za chumba cha kusomea. Wanafunzi wakaja kusaidia bila kuitwa. Jumatatu nzima tulitenganisha samaki na miti, miti na wagonjwa, wagonjwa na bei za soko. Miti ya Masako, tuliyoitambua kwa namba za vibao, ikatoa mikia minne. Ni wanafunzi wanne waliopima viwanja vinne, kila mmoja akianza na mti namba moja, na kila mkia una kurasa pungufu. Dada yule alijaribu kulinganisha na wastani ulioandikwa mbele. Hesabu zikagoma. Alikuwa haketi, anazunguka meza na kikokotoo.

Jioni mwalimu wa informatique akasema neno lililonichoma. "Tupige picha mikia yote, tutume. Kwa makundi ya simu ya wanafunzi wa zamani. Tuulize: hii ni ya nani?"

"Mikia yote nje?" Nilisimama. "Miaka yote nimeificha, leo niiweke uchi barabarani? Wezi watafanya sherehe!"

Dada ndiye aliyenijibu, taratibu, kwa heshima. "Mama, mwizi anaiba juu ya sababu hakuna mutu ameona ya kwanza. Kama muji muzima imeona ya kwanza, ataiba ya nani?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniambia hivyo, au labda walisema nami nilikuwa nanoa wembe. Nikachukua mkia uliokuwa karibu nikauweka kwenye mashine mwenyewe.

Jumanne asubuhi picha zikaenda. Na jamani, jamani! Simu ya mwalimu ilianza kulia kabla sijamaliza chai. Sauti kutoka Basoko, mwalimu wa sekondari, anapiga kelele mpaka spika inakwaruza: "Mama ya Wembe! Hiyo ni yangu! Hao ni kapitene yangu! Angalia samaki ya kumi na saba, nilifuta, juu kamba ya mizani ilikatika, samaki ikarudi kwa maji!" Tukatazama. Samaki wa kumi na saba alikuwa amefutwa! Chumba kizima kikapiga makofi. Muuguzi wa Yanonge akatambua wagonjwa wake wa malaria kwa namna anavyoandika saba. Mama mmoja mfanyabiashara akatambua ukurasa wake kwa tone la mawese: "Nilikuwa nakula pondu na mukono moja, naandika na ingine. Mume wangu aliniambia, acha, nikamwambia, muda hakuna!" Wengine walilia. Mmoja aliuliza kama anaweza kuwaonyesha watoto wake, maana hawaamini kwamba baba yao alisoma.

Mwalimu aliandika majina, mwanafunzi mmoja alibandika, mimi nilikimbia kutoka meza hadi meza kama bibi harusi asiyejua aketi wapi. Kila mkia uliopata mwenyewe, tulimwuliza: tuuweke kwenye kisanduku, kila mtu asome? Wote waliosema, walisema ndiyo. Wote! Mwenye kapitene alisema, "Weka na jina, Mama, weka kubwa." Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na aibu, na sikuwa na muda wa kuzitenganisha.

Lakini ile mikia minne ya Masako ilibaki kimya Jumanne yote. Siku ya Jumatano, mitatu kati yake ikaanza kupata wenyewe kwa vipande, tukapunguza lundo. Hata hivyo kurasa zilikuwa zimeingiliana, na bila mwandishi mwenyewe kusema hii ni yangu na hii siyo, dada asingeweza kuapa mbele ya tume inayogawa nafasi. Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono magotini, hatazami simu.

"Nitaanza zéro," akasema. "Kazi ni kazi, Mama."

Hapo nikashindwa. Nikaketi kando yake nikamwambia.

Yule mtu wa miti alirudi siku moja, miaka mingi iliyopita. Nakala yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Alikuwa anaomba nafasi ya kuendelea na masomo mbali, na kule walitaka namba zake, zile za nyuma. Alisimama mbele ya meza yangu na barua mkononi. Akaomba mkia wake mwenyewe, kwa siku moja tu. Nikamwambia mkia hautoki kabatini, kanuni ni kanuni. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo. Ilikuwa ya kwangu. Akakunja barua yake, akasema "Asante, Mama," akaondoka. Baadaye nikasikia anaendesha lori barabara ya Bafwasende. Nilikuwa nikimwona mjini mara moja moja, navuka upande wa pili.

Dada hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Tumupigie."

Namba tulipewa na mwalimu wa Basoko, walisoma pamoja. Nilipiga mimi, nikaweka sauti kubwa ili dada asikie. Kulikuwa na injini, na watu wakipakia kitu.

"Allô, ni nani?"

"Ni mimi, Mama wa maktaba."

Injini ikazimwa.

"Mama ya Wembe," akasema.

"Ndiyo, baba. Mwenyewe."

"Nilisha kuona mapicha. Tangu mardi, siku ya kwanza. Yangu niliijua palepale, ile ya wino ya kijani. Nikanyamaza. Nikasema, ngoja nione kama huyu mama atanipigia simu yeye mwenyewe."

"Nilikukosea, baba. Ulikuja kuchukua kitu chako nikakunyima. Si kanuni, ni kichwa changu kigumu. Nisamehe."

Nikasikia akifunga mlango wa lori.

"Bon," akasema mwishoni. "Nani anaitaka?"

Nikampa dada simu. Alianza kwa kumwita tonton, yaani mjomba, akajieleza, maneno yakimkimbia. Yule bwana akamsikiliza, kisha akaanza kutoa amri kama mtu aliyekuwa akingoja miaka yote: kijani yote ni yangu, ya bluu yenye herufi kubwa ni ya mwenzangu, kurasa mbili mmeziweka kwake, zirudishe. Tulipanga mezani tukiwa watu sita, kila mmoja anasukuma mwenzake.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema. "Namba moja. Limbali, kando ya kijito. Ingali imesimama?"

"Imesimama, tonton. Nilipima mwenyewe."

"Mie niliandika arobaini na nane. Sentimeta."

Dada akashusha kidole kwenye ukurasa wa kijani, mstari wa kwanza. Arobaini na nane. Alipiga kelele, jamani, dada wa watu mwenye digrii mbili alipiga kelele kama yuko uwanjani! "Ni yenyewe! Tonton, ni yenyewe! Leo iko hamsini na saba!"

"Hamsini na saba," akarudia. "Imenenepa, kumbe. Imekula vizuri." Tukasikia anamwambia mtu kando yake kwamba mti wake umenenepa, na mtu huyo anauliza mti gani.

Dossier ilienda Ijumaa saa nne kasoro, na namba zote mbili kila mstari, za kijani na za leo. Kisha tukangoja. Mimi sina subira, kila siku nilimwuliza dada, mpaka akaanza kuniambia "Bado, Mama" kabla sijafungua mdomo. Tulipitisha wiki hizo tukiweka mikia kwenye kisanduku, na karatasi zenyewe tukizibandika, kila mmoja nyuma ya mémoire yake. Wanafunzi wakiniona nashika gundi walikuwa wakinitania, ati Mama ya Wembe amegeuka Mama ya Colle. Niliwaacha.

Jibu lilipokuja, dada aliingia chumba cha kusomea akilia na kucheka, barua kwenye simu. Nikamnyang'anya. Amechukuliwa! Tulikumbatiana mpaka miwani yangu ikaanguka. Nikaisoma yote, na mstari wa katikati nikausoma mara mbili. Kisha nikaenda moja kwa moja kumpigia mtu wa lori.

Alikuwa kituoni Bafwasende. Nikamwambia amechukuliwa, akasema Mungu asifiwe, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia nyamaza, baba, sikiliza, jina lako limeandikwa humu. Nikamsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa lugha yetu: tume inasema kazi hii ina thamani kubwa kuliko zote zilizoletwa, kwa sababu kuna mtu aliyeipima miti hii kabla, moja moja, kwa uangalifu, na nikataja jina lake lote, la baba na la ubatizo, kama walivyoliandika.



"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Ngoja, Mama, ngoja." Nikasikia anaita watu, madereva, wapakiaji, njooni hapa, acheni hiyo gunia. Kelele zikasogea karibu na simu. "Ni watu wa maktaba ya chuo," akawaambia. "Soma tena, Mama. Sema kwa nguvu, hawa hawajasikia."

Nikasimama katikati ya chumba cha kusomea, mbele ya wanafunzi wote, nikasoma kwa sauti yangu yote.